Kikombe Kisichomwagwa

4 Machi, Jumatano ya Majivu
Nimechoma misalaba ya mitende ya mwaka jana ndani ya kopo la keki, uani, nikiupa upepo mgongo. Clifford Stannard, mzee wetu wa kanisa, aliusahau wake mpaka nikampigia simu. Ulikuwa ndani ya trekta tangu Pasaka iliyopita. Majivu nimeyachekecha kwa chekeche la unga na kuyatia tone la mafuta. Kazi hii naifanya tangu mume wangu Leonard yu hai na sijasikia asante hata moja.

Altare imevaa zambarau. Haleluya haiimbwi mpaka Pasaka, na maua hakuna, isipokuwa Jumapili ya Akina Mama. Maud Thirkettle, ambaye bila maua hana la kufanya, anazunguka kanisani mikono mitupu akikagua vumbi langu.

Padre Lorimer alitujia baada ya Krismasi, kwa hiyo hii ni Kwaresima yake ya kwanza hapa Holme Wick. Kabla ya ibada alinisogelea vestri, chumba cha mavazi na vyombo. "Bi Garrod, leo divai kidogo tu."

"Nimeweka kama kawaida, Padre."

"Kidogo kuliko kawaida, tafadhali."

Nikaitikia, nikaacha kama kawaida. Divai ikishawekwa wakfu haimwagwi wala haitoki nje ya kanisa. Inanywewa palepale altareni, na kasisi au na mshiriki ambaye kasisi amemwita. Ndivyo Kitabu cha Sala kinavyoagiza. Marehemu Kanoni Pryce, kasisi wetu wa zamani, alikuwa akiimaliza kama mtu anayemaliza chai yake na kwenda zake. Huyu alimwita Clifford kutoka kwenye kiti chake aje ainywe yeye.

Aliponipaka majivu kidole gumba chake kilikuwa kinatetemeka. Baridi, nadhani.

Nimeacha sukari kwenye chai mpaka Pasaka. Ni adhabu tupu.

5 Machi
Nimefua vitambaa vya kikombe. Maji ya kwanza nimeyamwaga kwenye udongo chini ya waridi, kama inavyopasa. Rangi ya mdomo ya Maud haikutoka hata kwa maji ya moto.

8 Machi, Jumapili ya Kwanza ya Kwaresima
Mvua ya kulala. Watu kumi na mmoja. Padre kamwita Clifford tena. Leo nilimtazama vizuri, kwa sababu mimi ndiye ninayempa divai na maji na nasimama karibu. Padre hakinywi kikombe hata kidogo. Anakigusisha mdomoni basi, midomo imefumbwa, kisha anakipitisha kwetu. Kikirudi kimetoka kwenye midomo yetu, hakitaki tena. Anamwita Clifford.

Nilimwambia Maud tukiwa mlangoni. Nisingemwambia, lakini nilikuwa nimejaa mpaka hapa.

"Anatuona kinyaa," nikasema.

"Mtu wa mjini huyo, shoga," Maud akajibu, akifungua mwavuli. "Tunamnukia viazisukari."

"Basi Clifford ndiyo hanuki?"

"Clifford ananuka kuliko sisi sote. Ndiyo maana hajali."

11 Machi
Ukungu. Sikumwona hata jirani.

15 Machi, Jumapili ya Pili ya Kwaresima
Leo amenishika mkono, kwa adabu, nikiwa nimeinamisha chupa. "Inatosha. Hapo, Bi Garrod. Inatosha."

Haikufika hata robo ya kichupa. Nilisikia uso unaniwaka. Mimi niliwapikia watoto wa shule nzima mpaka nilipostaafu, na hakuna aliyewahi kunifundisha kupima. Nilimwambia, "Watu wakipungukiwa katikati, Padre, itabidi uanze maneno upya altareni, na aibu itakuwa yangu."

"Itakuwa yangu," akasema, akavaa stola yake shingoni.

Haikupungua. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

19 Machi
Upepo kutoka baharini, wa kukata masikio. Mafua yameingia kijijini. Duka la posta limefungwa nusu siku. Clifford amelala, na mkewe anasema anakoroma hata akiwa macho.

22 Machi, Jumapili ya Tatu
Clifford hayupo. Divai iliyobaki ilikuwa funda moja tu. Padre alikitazama kikombe kwa muda mrefu kuliko funda moja linavyostahili, akatia maji mengi, akanywa akiwa amefumba macho. Nilisema moyoni, kumbe unaweza.

27 Machi
Maud ameanza kukata maua yake ya njano kwa ajili ya Jumapili. Anaimba akiwa bustanini. Nilimsikia kutoka barabarani. Mimi nimeoka keki ya lozi. Sikulamba kijiko.

29 Machi, Jumapili ya Akina Mama
Naandika haya nikiwa na furaha, na sioni haya kusema.

Kanisa lilijaa. Wajukuu, wakwe, watu wa kutoka Lincoln wenye viatu safi, wote wamekuja kwa sababu ya bibi zao. Vishada vya maua vilijaa sinia mbili na Maud alikuwa amevaa kofia ya harusi ya binti yake. Mimi nikatoa jagi kubwa la fedha tunalolitoa Krismasi, nikalijaza.

Padre alipoliona pale altareni alisita. "Bi Garrod," akanong'ona.

"Kanisa limejaa, Padre. Geuka uone."

Akageuka, akaona. Akamimina yote. Nini kingine angefanya? Ningekuwa mimi ningemimina pia.

Lakini sikuwa nimefikiria mafua. Watu walikuja mezani, nusu ni watoto wa kubarikiwa tu, na wakubwa wengi walipokea mkate wakafunika mdomo kwa leso na kuondoka. Hata Maud alikipita kikombe, akipiga chafya. Kilirudi kwa Padre karibu kimejaa kama kilivyotoka, na Clifford yuko kitandani.

Alisimama akitupa mgongo huku watu wakiimba wimbo wa mwisho. Ubeti wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Mimi nilikuwa pembeni, nikimwona usoni. Alikitazama kama mtu anayesoma barua mbaya. Kisha akakiinua na kunywa, hakupumzika, mpaka mwisho. Akatia maji, akasuuza, akanywa na hayo. Akakausha.

Nilijiambia, haya, leo umekunywa midomo yetu yote, na hukufa.

30 Machi
Sijui nianzie wapi.

Ibada ya jioni jana Padre hakuja. Tulisubiri, tukasema sala zetu wenyewe, tukarudi makwetu. Asubuhi nikaenda vestri kuchukua vitambaa nifue. Kabati la divai lilikuwa wazi na chupa mbili hazipo. Nikafikiri ni wezi, ila mwizi gani anaacha sahani za fedha akabeba divai tamu ya kanisa? Nikaenda nyumba ya kasisi kumwambia.

Mlango wa jikoni haukufungwa. Chupa zote mbili zilikuwa kwenye sinki. Yeye alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea jiko, bado na kanzu ya jana. Alikuwa amejitapikia. Hakushangaa kuniona.

"Nimeiba divai yako, Bi Garrod."

"Si yangu, ni ya kanisa," nikasema. Upumbavu gani huu! Ndilo lililonitoka.

Nilimwekea birika. Nilimpa kitambaa chenye maji, nikamsaidia kukaa kitini. Ni mtu mwepesi kuliko anavyoonekana. Akanieleza bila mimi kumuuliza. Kwamba kabla ya kuja hapa alipoteza parokia nyingine kwa sababu ya pombe, na mke pia. Kwamba aliacha, akaacha kabisa, miaka sita. Kwamba askofu alimpa Holme Wick kwa sharti moja, na akianguka tena hatapewa nyingine.

"Ulikuwa unanywa kwa ncha ya mdomo," nikasema.

"Hiyo naiweza. Kuigusa tu naiweza. Kikombe kizima siwezi. Nilijua tangu ulipoleta jagi."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini, Bi Garrod? Kwamba kasisi wenu anaiogopa altare?"

Nilimuuliza kwa nini hakuimwaga kwenye lile shimo la ukutani linaloshuka udongoni. Akanitazama, nami nikajua nimeuliza ujinga. Haimwagwi. Mimi mwenyewe ningekuwa wa kwanza kumsema kijiji kizima.

Kwa wiki tatu nzima nimemsema mtu huyu kwamba anatuona kinyaa. Nimelia nikirudi, barabarani, kwenye upepo, bila kujali nani ananiona.

31 Machi
Maud kanidaka kwenye duka la posta. "Mapazia ya kasisi bado yamefungwa. Ana nini?"

"Mafua."

"Mafua," Maud akarudia, akaniangalia. "Maskini."

Mpaka jioni Padre alikuwa amepelekewa supu na nyumba tano.

2 Aprili
Padre amenyoa ndevu. Ameniambia atabaki mpaka Pasaka, kwa sababu hawezi kuwaacha watu bila Pasaka, kisha atampigia simu askofu amweleze yote na kuondoka. Nikamwambia supu ya Maud ina chumvi nyingi. Sikupata la maana zaidi.

Divai yote nimeihamishia nyumbani kwangu, nyuma ya mitungi ya vitunguu vya siki.

4 Aprili
Nimefunika misalaba na sanamu zote kwa vitambaa vya zambarau, mpaka Pasaka. Padre alinishikia ngazi. "Huwa naipenda wiki hii," akasema. "Kila kitu kinajificha, siyo mimi tu." Akacheka kidogo. Nami nikacheka, karibu nianguke.

5 Aprili, Jumapili ya Mateso
Clifford amerudi, amekonda, na daktari amempa vidonge visivyopatana na divai mpaka mwisho wa mwezi. Anapokea mkate tu. Niliweka divai ya kulowesha ulimi, na kabla ya ibada nikamwambia Padre, "Ikibaki, uniite mimi."

"Wewe hunywi, Bi Garrod."

"Mimi hunywa divai ya tangawizi Krismasi. Niite."

Akaniita. Nikapiga magoti, nikanywa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kunywa kikombe mpaka chini. Niliona sura yangu mle ndani, pua kubwa kama ya Clifford.

8 Aprili
Mvua ya mawe. Mitaro imejaa mpaka ukingoni.

10 Aprili
Mwenye duka la posta amenipa pakiti ya peremende za mnanaa nisizoagiza. "Za harufu, Bi Garrod," akaninong'oneza, akanipigapiga mkono. Sikuelewa mpaka nilipofika nyumbani. Wanadhani ni mimi! Chupa zilizopotea vestri, kikombe ninachomaliza mbele ya watu, basi wamejumlisha. Na zaidi ya mimi na Padre, aliyejua kwamba chupa zimepotea ni Maud peke yake, kwa sababu ndiye anayepanga vyombo vya maua kwenye kabati lile lile.

Nilivaa koti nikamfokee. Nikafika mpaka langoni kwake. Kisha nikafikiri: nikikana, watauliza basi ni nani. Nikarudi. Chai bila sukari, peremende mbili.

12 Aprili, Jumapili ya Matawi
Tulizunguka kanisa na misalaba mipya ya mitende, upepo ukipeperusha karatasi za nyimbo mikononi mwetu. Mke wa Clifford alihama benchi nilipokaa karibu yake. Padre akaniita, nikanywa, wote wakitazama. Maud alitazama kuliko wote. Ningemrushia kitabu cha nyimbo.

16 Aprili, Alhamisi Kuu
Padre aliosha miguu ya watu sita. Wa saba alikataa kwa sababu ya soksi. Baada ya Ushirika tukaivua altare kila kitu, mishumaa, vitambaa, mazulia, mpaka jiwe tupu. Mimi ndiye ninayelifuta jiwe. Moyo uliniuma nikifikiri kwamba hii ndiyo mara yake ya mwisho kuivua.

17 Aprili, Ijumaa Kuu
Leo hakuna kengele, hakuna maua, hakuna kinachowekwa wakfu. Kila mtu alikuwa na uso mzito isipokuwa Padre. Siku nzima hakuna divai altareni, na alipita kanisani mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Nadhani mimi peke yangu niliona. Au nilidhani hivyo.

19 Aprili, Pasaka
Nitaandika kwa utaratibu.

Jua, hatimaye. Maud alikuwa kanisani tangu alfajiri na maua meupe mpaka kwenye vyombo vya maji. Nguo nyeupe altareni, mshumaa mkubwa wa Pasaka unawaka, Haleluya imerudi, na Clifford anaiimba akiwatangulia wenzake kama kawaida yake. Watu wakaja, wakaja, mpaka tukaongeza viti vya ukumbini. Niliweka kidogo kwenye jagi. Padre akatazama watu, akatazama jagi, akaniambia, "Haitoshi. Sitamnyima mtu kikombe siku ya Pasaka. Lete."

Nikaleta. Vikombe viwili, kimoja cha Padre, kingine kikibebwa na Clifford. Na watu hawakunywa kama tulivyodhani. Mafua bado yapo, na tulipovimimina pamoja kikombe kimoja kilijaa zaidi ya nusu. Kile kikubwa.

Akaniita. Nikanywa funda, na funda, na funda. Koo likagoma. Machozi yakanitoka na nikasikia sakafu inasogea. Nilijikaza nikajaribu tena, haikupita. Padre akanyoosha mkono akichukue. Nilikishikilia. Nilitikisa kichwa. Tulikuwa hapo tunavutana kikombe cha Bwana kama watoto, na kinanda kinafika ubeti wa mwisho.

Akakichukua. Akakitazama. Kisha akageuka, akawatazama watu na kikombe mikononi, na kinanda kikanyamaza.

"Kitabu cha Sala," akasema, "kinaniruhusu kuwaita wenzangu wa meza hii wanisaidie kumaliza. Nawaita. Mimi siwezi. Mimi ni mlevi. Chupa zilizoibwa vestri niliziiba mimi. Bi Garrod hana kosa lolote."

Mtoto mmoja aliuliza kitu akanyamazishwa. Niliangalia mlango, nikiwa na uhakika watainuka watoke, benchi baada ya benchi.

Kikasikika kiatu. Maud Thirkettle alikuja katikati ya kanisa na kofia yake ya harusi, hakuharakisha, akapiga magoti kwenye kizuizi cha mbele ya altare, akasubiri. Padre akampa. Akanywa funda la nguvu, akajifuta mdomo kwa kitambaa changu, akabaki pale pale. Mke wa Clifford akaja. Kisha mwenye duka la posta. Kisha watu wa viatu safi kutoka Lincoln, ambao hawamjui hata jina. Kizuizi kikajaa. Kikombe kilipita, mdomo kwa mdomo, kikamrudia Padre kikavu. Akatia maji, akanywa maji.

Vestri nilimkuta Maud akikusanya mabua.

"Ulijua," nikamwambia.

"Mimi nimelelewa na mlevi, Enid. Unadhani sijui mafua ya aina ile?"

"Na ukasema ni mimi!"

"Watu walikuwa wanauliza. Kasisi ana nini, kwa nini kajifungia. Ilibidi niwape mtu." Akafunga mabua kwa gazeti. "Nikawapa wewe. Wewe ungeweza kubeba. Yeye asingeweza."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia, ungekuja kwangu kulia, na wote wangejua. Hujui kuficha uso, shoga."

Nilitaka kumchapa. Nikamkumbatia, kofia ikaanguka.

Vijiko viwili vya sukari kwenye chai. Kisha cha tatu.

20 Aprili
Padre alimpigia askofu kutoka jikoni kwake na akanitaka nikae. Alieleza yote, jagi, chupa, kila kitu. Kisha akaulizwa swali, nikamwona anafumba macho.

"Wote," akajibu. "Wote walikuja kukimaliza."

Akasikiliza tena. Akaweka simu chini. "Amesema nibaki. Na kwamba atakuja mwenyewe mwezi ujao, na tusimwandalie sherehe."

Nimefua vitambaa. Nyekundu, waridi, rangi moja ya kahawia sijui ya nani, na ile ya Maud juu ya zote. Maji ya kwanza nimeyamwaga chini ya waridi. Madoa mengine nimeyaacha.

26 Aprili, Jumapili baada ya Pasaka
Watu tisa na mbwa wa Clifford. "Kidogo, Bi Garrod," Padre akasema.

Nikaweka kidogo. Maud hakutoka kanisani mpaka kikombe kilipokaushwa. Posta bado wananipa peremende, nami nazipokea.